Nani Ajenge Ua?

Tarehe 15 Juni, 1859, Mmarekani mmoja aitwaye Lyman Cutlar alimkuta nguruwe mweusi ndani ya bustani yake ya viazi, anafukua. Cutlar akachukua bunduki, akampiga risasi. Kabla Agosti haijaisha, askari 461 wa Kimarekani walikuwa wamejichimbia kwenye kisiwa kile na mizinga yao 14, na mbele yao baharini zimetia nanga manowari 5 za Kiingereza zenye watu zaidi ya 2,000. Kila upande unamngojea mwenzake aanze.

Ndugu msomaji, usicheke. Au cheka kwanza, halafu tuendelee.

Kisiwa chenyewe kinaitwa San Juan, kipo pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, pale Marekani inapopakana na Kanada. Mkataba wa mwaka 1846 ulisema mpaka upite katikati ya mlango wa bahari. Sasa milango ilikuwa miwili, kisiwa kiko katikati, na kila mkubwa akachagua mlango unaomwachia kisiwa yeye. Waingereza, kwa mkono wa Kampuni ya Hudson's Bay, walianzisha shamba pale Desemba 1853, wakateremsha kondoo zaidi ya 1,300 na nguruwe wao. Wamarekani wakaja mmoja mmoja, wakakata vishamba vidogo vya viazi. Nguruwe wa kampuni hakuwa na habari na mkataba wowote. Aliona viazi, akaingia.

Baada ya kumuua, Cutlar alikwenda mwenyewe kusema. Akaahidi kulipa dola 10. Charles Griffin, msimamizi wa shamba la kampuni, akataka 100. Hapo Cutlar akageuka mbogo: halipi hata senti. Ikasemwa atakamatwa. Wamarekani wenzake wakaomba ulinzi wa jeshi, na tarehe 27 Julai akateremka Kapteni George Pickett na kikosi chake. (Ni huyuhuyu Pickett ambaye miaka minne baadaye, kule Gettysburg, jina lake lilipewa shambulio lililowamaliza askari wake mwenyewe. Wengine wana mikosi.) Gavana wa Kiingereza akamwamuru Admirali Robert Baynes ateremshe askari kupambana nao. Baynes akakataa. Aliona ni upuuzi mataifa makubwa mawili kuingia vitani kwa sababu ya nguruwe. Kisiwa kikakaliwa na kambi mbili, moja huku na moja kule, hadi mwaka 1872, Kaisari Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani alipoombwa kuwa mwamuzi na akawapa Wamarekani. Miaka yote ile maiti iliyopatikana katika ugomvi huo ilikuwa moja, ya nguruwe.

Kuna maneno wanayopenda kuyasimulia wenyeji wa kule, na huenda yametiwa chumvi. Eti Cutlar alipolalamika kwamba nguruwe alikuwa anakula viazi vyake, alijibiwa kuwa ni kazi yake yeye kuviweka viazi mbali na nguruwe.

Yawe ya kweli au ya kutungwa, mimi maneno hayo yalinishika. Maana nimewahi kuyasikia, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya juu.

Nieleze. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiandika riwaya, na riwaya yenyewe inaanza na mbuzi wanaoingia shamba la mjane. Kwenye kikundi chetu cha waandishi chipukizi nikasoma sura ya kwanza. Kaka mmoja, fundi sana wa hadithi za upelelezi, akaniambia mbuzi kula mchicha si kisa. "Tupe maiti, bwana. Tupe jiji." Nimekaa na neno lake miezi kadhaa, nikaingia maktaba, nikauliza wazee, nikasoma nilichopata. Haya ndiyo majibu yangu kwake. Maiti zipo, asiwe na wasiwasi.

Kwanza tuliangalie jambo lenyewe lilivyo, kwa sababu wengi wetu tunaoishi mjini mbuzi tunamjua akiwa kwenye mkaa. Mama yangu ana shamba dogo nje kidogo ya mji wa Morogoro, haifiki hata ekari moja: mahindi, kunde, matuta machache ya matembele, na mchicha wa kuuza. Kipande kama hicho mbuzi sita wanakimaliza wakati wewe umekwenda kisimani. Mbuzi hali kama ng'ombe. Ng'ombe anavuta majani kwa ulimi na kusonga mbele taratibu, mbuzi anachagua. Anakata kikonyo cha juu cha kunde, anaonja mche wa mhindi, anahamia kwa mwingine. Ukirudi unaona shamba lote limeguswa na hakuna mmea hata mmoja uliolika ukaisha. Ndiyo maana kukadiria hasara ya mbuzi ni kazi ya ubishi mtupu.

Halafu kuna kuwatoa. Mtu wa mjini anachukua fimbo na kupiga kelele. Mbuzi wakifukuzwa hivyo hutawanyika, na kila anayekimbia anakanyaga tuta jipya. Mama hunyanyua debe la pumba, analitikisa mara mbili tatu, anatembea kuelekea nje bila hata kugeuka nyuma. Anayemtazama ni yule jike mkubwa, wa mbele. Huyo akifuata, wengine wote wanafuata. Ng'ombe ana mambo yake: unazunguka kwa mbali, unampita, unatokea upande ule usiotaka aende, na unasimama. Ukimsogelea mno anakimbia, ukisogea kidogo tu anageuka. Na ng'ombe aliyetoroka peke yake, akawa na hofu, usihangaike kumswaga kumrudisha kwa wenzake. Mletee mwenzake mmoja pale alipo. Akimwona atatulia, kisha mnawaongoza wote wawili. Haya nimeyasikia kwa wachungaji wasiojua kusoma, nayo yanafanya kazi kuliko mbio.

Tena si mwenye shamba peke yake anayehofia. Ng'ombe mwenye njaa akivamia kunde mbichi zenye umande anaweza kuvimba tumbo na kufa siku hiyohiyo. Machipukizi ya mtama, yale yanayoota baada ya kukatwa au yaliyodumazwa na ukame, yana sumu inayoua ng'ombe haraka. Kwa hiyo usiku ule mnyama anapokata kamba, pande mbili zinaweza kulala maskini.

Sasa, mbuzi wametoka. Inabaki kesi. Wanaitwa mashahidi waone kwato kabla ya mvua kuzifuta. Anaitwa mwenyekiti. Bwana shamba akipatikana anapita anahesabu mashina. Na hapo ndipo nilipolisikia lile jibu la San Juan. Mwenye mbuzi, mtu mzima, mwenye heshima zake, alimwambia mama:

"Sasa dada yangu, shamba halina ua. Mbuzi atajuaje kwamba hili ni shamba?"

Mama akamjibu: "Kaka, ua ajenge mwenye miguu minne. Mchicha wangu haujawahi kutembea."

Watu walicheka, kesi ikaisha kwa fidia ndogo na maji ya kunywa. Lakini ukilichimba swali lile utakuta ndilo lililoulizwa tangu watu waanze kulima na kufuga jirani. Nani ajenge ua, mwenye mimea au mwenye mnyama? Ua ni gharama. Ni miti, ni miiba, ni siku za kazi, na kila mwaka mchwa wanadai sehemu yao. Anayetajwa na sheria kuwa ndiye mwenye jukumu la ua ndiye anayelipa, na yule mwingine analala usingizi.

Hammurabi, mfalme wa Babeli karibu miaka 1,750 kabla ya Kristo, alilijibu kwenye jiwe. Mchungaji akilisha kondoo kwenye shamba la mtu bila kukubaliana na mwenyewe, mwenye shamba atavuna kilichobaki, na mchungaji atamlipa guri 20 za nafaka kwa kila gani 10 za shamba. Sheria inayofuata ni kali zaidi. Kama msimu wa malisho umeshatangazwa kumalizika kwenye lango la mji, na bado mchungaji akaingiza kondoo shambani, basi shamba hilo alilolilisha alitunze yeye, na wakati wa mavuno alipe guri 60. Mara tatu. Nimeipenda sana tofauti hiyo. Mfalme wa zamani kiasi hicho alijua kwamba kuna mchungaji aliyepitiwa, na kuna mchungaji aliyeliona tangazo langoni akalipuuza. Torati nayo, katika Kutoka 22, inamtaka aliyelisha shamba la mwenzake alipe kwa kilicho bora cha shamba lake mwenyewe, siyo makapi.

Kwa wasomaji wa pwani kisa kinachojulikana zaidi ni cha Daudi na Suleiman, kilichotajwa katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Kondoo wa watu waliingia shamba usiku. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi aliona kondoo wapewe mwenye shamba, wawe fidia. Hesabu imetimia, lakini mchungaji ametoka mikono mitupu. Suleiman, kijana, akaona vingine. Mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anywe maziwa yao, atumie sufi na wana watakaozaliwa. Mwenye kondoo aingie shambani alitunze mpaka lirudi kama lilivyokuwa usiku ule kabla ya kuingiliwa. Kisha kila mtu arudishiwe chake.

Mwandishi mwenzangu, hebu itazame hukumu hiyo kwa jicho la mtunga hadithi. Mchungaji anashika jembe. Mkulima anakamua. Msimu mzima kila mmoja anaamka na kazi ya mwenzake. Sijapata hukumu nyingine, ya kale wala ya sasa, inayoujua ugomvi huu kwa undani kiasi hicho, na ningekuwa na kipaji ningeandika riwaya ya msimu huo mmoja tu.

Kuna na hukumu nyingine, ya Mtume Muhammad, iliyopokewa katika Muwatta ya Imam Malik na kwa Abu Daud. Ngamia jike wa Al-Baraa bin Azib aliingia bustani ya watu akaharibu. Ikaamuliwa kuwa wenye bustani walinde mchana, na wenye wanyama walinde usiku, na kinachoharibiwa usiku mwenye mnyama akilipe. Hapa ua haukutajwa kabisa. Kilichogawanywa ni saa. Mchana mnyama lazima ale, na mkulima yuko macho shambani. Usiku mkulima amelala, na mnyama hana sababu ya kuwa nje ya zizi. Wazee niliowauliza huku kwetu, Waislamu na wasio Waislamu, wanatofautisha vilevile: ng'ombe wa mchana ni bahati mbaya, ng'ombe wa usiku ni makusudi.

Uingereza walisimama upande wa mimea. Sheria yao ya kale ilimtaka mwenye mnyama amzuie, na mkulima aliyemkuta mnyama wa mtu shambani aliruhusiwa kumkamata na kumshikilia mpaka alipwe hasara. Vijiji vilikuwa na boma maalumu la mifugo iliyopotea, mara nyingi la mawe, na mtu aliyewekwa kulisimamia. Ukitaka ng'ombe wako unakwenda na pesa. Haki hiyo ya zamani ilifutwa na Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971, ikawekwa nyingine: mkulima anaweza kumshikilia mnyama, na zikipita siku 14 bila kesi kufunguliwa wala malipo kutolewa, anaweza kumuuza mnadani, ajilipe, kinachobaki amrudishie mwenye mali.

Lakini angalia kilichotokea Waingereza haohao walipovuka bahari. Katika koloni la Virginia, miaka ya 1640, sheria iligeuzwa kichwa chini miguu juu. Mwenye mahindi ndiye aliyetakiwa kujenga ua, tena imara. Kama ua wake ni dhaifu, asilalamike. Sababu haikuwa siri. Watu walikuwa wachache, tumbaku inakula nguvu zote, na msitu ni mkubwa. Rahisi ilikuwa kumtoboa nguruwe sikio alama yako, kumwachia ale msituni, na kumsaka siku ya kuchinja. Ile sheria ya nyumbani Uingereza ingewagharimu. Wakaibadilisha.

Tatizo ni kwamba msitu ule ulikuwa na wenyewe. Wenyeji wa Amerika walilima mahindi, maharage na maboga bila nyua, kwa sababu hawakuwa na ng'ombe, nguruwe wala kondoo wa kuzuia. Nguruwe wa wageni wakawa wanaingia mashambani, wanafukua mpaka maghala ya ardhini na kombe za pwani ambazo wanawake walikuwa wakizichimba. Wakilalamika wanaambiwa: jengeni ua. Juni 1675, Metacom, kiongozi wa Wawampanoag aliyeitwa na Waingereza Mfalme Philip, alikutana na wajumbe wa koloni la Rhode Island. Mmoja wao, John Easton, aliandika malalamiko waliyoyasikia. Katika hayo lilikuwamo hili: hata wakihama maili 30 kutoka walipouza ardhi, bado ng'ombe na farasi wa Waingereza wanawafuata kuwaharibia mahindi, na wao hawakuzoea kujenga nyua. Siku chache baadaye vita vikalipuka. Si ng'ombe peke yao waliovileta, ardhi na mahakama za wageni zilikuwamo, ila ng'ombe walikuwa wa kwanza kufika kila mahali. Vita vile viliteketeza miji mingi ya walowezi, na Metacom aliuawa Agosti 1676. Kaka yangu wa hadithi za upelelezi, ulitaka maiti.

Nikapata mtindo. Huyohuyo Mwingereza, akiwa kwao, anasema mwenye mnyama ajenge. Akiwa Virginia, mwenye mnyama akiwa ni yeye, anasema mwenye mahindi ajenge. Huko Marekani Kusini sheria ikageuka tena baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1865. Wenye mashamba makubwa wakataka mifugo ifungiwe. Waliokuwa wakiishi kwa kuachia nguruwe wawili na ng'ombe mmoja msituni, Weupe maskini na Weusi waliotoka utumwani, wakajikuta wana mnyama lakini hawana pa kumlisha. Waya wa miba ambao Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza yake Novemba 1874 ulirahisisha kazi. Ua ukawa bei rahisi kwa mwenye ardhi, na kwa asiye na ardhi haukumsaidia kitu.

Tuje kwetu, kwa maana Waingereza walikuja na kwetu. Kwenye nyanda za juu za Kenya walowezi walichukua ardhi kubwa kuliko walivyoweza kulima. Waafrika wakahamia humo na ng'ombe na mbuzi wao, wakiitwa maskwota, wakilipia malisho kwa jasho. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi kwa mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwanzoni mifugo yao ilikaribishwa. Ilileta maziwa, ilileta mbolea, na ndiyo iliyomvutia kibarua. Baadaye walowezi wakaanza kuingiza ng'ombe wa kizungu wa bei mbaya, na hapo dume la skwota likawa adui. Likikata kamba usiku mmoja likaingia kwenye boma la mitamba ya kizungu, mlowezi anahesabu ndama wa chotara asiowataka, na anahofia kupe na magonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ukaja msako wa kuwaondoa wanyama wale mashambani, na watu wakaupa jina la Kiswahili, kifagio. Neno dogo, la kike, la jikoni. Lilifagia utajiri wa ukoo mzima, maana skwota hakuwa na benki nyingine. Hakuna aliyemwambia mlowezi ajenge ua kuwalinda mitamba wake.

Wala tusijifiche nyuma ya wakoloni. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang. Yalifika kama ekari 100,000, nyingi zikiwa malisho bora ya Wabarabaig. Njia za ng'ombe zikakatizwa, na kupitisha mifugo palepale walipopita mababu kukaitwa uvamizi. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya shirika la umma la NAFCO. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikautengua, pamoja na mengine kwa hoja kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji wenye haki ya asili kwenye ardhi ile. Wabarabaig! Soma sentensi hiyo mara mbili.

Ng'ombe hawayeyuki lakini. Ukiwafungia kaskazini watatokea kusini. Familia nyingi za Wabarabaig zilisambaa, wengine wakafika mpaka mkoa wetu wa Morogoro, ambako Wamasai nao walikuwapo tangu zamani na wakulima wanaongezeka kila mwaka. Na mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, maelfu ya ng'ombe waliswagwa kuelekea Pwani na Lindi, kwa wakulima ambao ng'ombe walikuwa hawajamzoea. Mbegu ya ugomvi ilisafirishwa kwa amri.

Wilaya ya Kilosa ilivuna mapema. Mama ananisimulia, mimi nilizaliwa baadaye kidogo, jinsi habari zilivyofika mjini Desemba 2000. Kijiji cha Rudewa Mbuyuni kilishambuliwa alfajiri na wafugaji, wakauawa watu 38, wanawake na watoto wakiwamo. Watafiti waliokwenda kuchunguza baadaye wanataja siku zilizotangulia: ng'ombe wanaingia mashambani, mgambo wanawakamata, fedha zinadaiwa, wenye ng'ombe wanataka kuwakomboa kwa nguvu, na kila upande unaamini viongozi wamenunuliwa na mwenzake. Ni lile boma la mawe la Uingereza, pungufu ya kitu kimoja. Kule ukilipa ulijua unalipa nini na kwa nani. Huku faini ikageuka mradi wa mtu, na ng'ombe aliyekamatwa akawa mateka. Kwa jirani zetu Kenya, Agosti 2012, kijiji cha Riketa kwenye delta ya mto Tana kilishambuliwa katika ugomvi wa Waorma na Wapokomo. Walikufa zaidi ya 50, na miezi iliyofuata wengine wakafa kwa kulipizana. Hapo nako ni maji na malisho upande mmoja, mashamba ya kando ya mto upande mwingine.

Kuna watu waliolijibu swali la ua kwa kumfungia mnyama moja kwa moja. Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro wamefuga tangu zamani ndani, ng'ombe yuko kwenye nyumba au banda, migomba imezunguka, na mbolea inarudi kwenye migomba. Kisiwani Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, Wakara nao waliwafungia ng'ombe wao nyumbani na kuwalimia majani, kwa sababu ardhi ilikuwa imebanana mno kuruhusu mnyama kuzurura. Leo mabwana mifugo wanaufundisha ufugaji wa namna hiyo kama jambo jipya. Kesi za mbuzi hupungua sana mahali kama hapo, hilo ni kweli.

Ila nimesimama barabarani kule Moshi asubuhi nikatazama. Ng'ombe asiyetoka nje lazima aletewe. Majani ya kutosha yako chini, tambarare, na ng'ombe yuko juu mlimani. Katikati nilihesabu wanawake kumi na mmoja wakipanda kwa miguu, mizigo ya majani imewafunika vichwa na mabega mpaka huwezi kuona uso, panga limechomekwa katikati ya mzigo. Mmoja alisimama kupumzika bila kuutua, akaegemea ukingo wa barabara. Nilimwamkia, nikamuuliza anakwenda mbali. Akasema bado vilima viwili, na jioni anashuka tena, maana ng'ombe wawili hawashibi kwa mzigo mmoja.